Siku ya Kuosha Bwawa

Harufu ya klorini ilikuwa ikinichekesha. Nasema ilikuwa, kwa sababu tangu Juni 2019 hainichekeshi tena, na ninyi ndio watu wa kwanza kuelezwa sababu toka mwanzo mpaka mwisho wake, bila mimi kupandisha sauti. Hilo la sauti nitajitahidi.

Tunaishi Irving, kwenye nyumba za kupanga zilizozunguka bwawa la kuogelea lenye umbo la punje ya haragwe. Kila kiangazi mtunzaji hulitia dawa asubuhi, na jua la Texas likishaanza kuchemsha maji, harufu hupanda mpaka ghorofa ya pili, dirishani kwangu, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Mimi nilisomea historia chuo kikuu, shahada mbili, na kwa hiyo kazi yangu ni kupanga mizigo ya ndege kwenye kompyuta. Jumamosi hushuka bwawani kumsindikiza binti yangu Imani, ambaye mwaka huo alikuwa na miaka kumi na alikuwa akiogelea kana kwamba amezaliwa humo. Mimi hukaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, viatu miguuni. Sijui kuogelea. Nikiulizwa husema klorini inaharibu nywele, na watu hulitazama wigi langu wasijue wajibu nini.

Harufu ile ilinichekesha kwa sababu nina hadithi. Kila aliyewahi kunialika harusini Houston anaijua. Nikishaketi tu ukumbini kule Alief, pembeni mwa Houston, pilau halijafika mezani, Mama Zuhura, mwenzetu wa Mombasa ambaye mumewe ni dereva wa lori, hunipigia kelele kutoka upande wa pili wa ukumbi: "We Mtanga! Tupe ile ya kanga bwana!" Nami huitoa. Nimeitoa kwa miaka kumi na tano. Nina mahali pa kupumua, mahali pa kushusha sauti, na mahali pa kuinuka na kugeuka ili watu wauone mgongo wa Mama Kidawa. Hii hapa, kama nilivyozoea kuisimulia.

Baba yangu, Mzee Salehe, alikuwa mtunza bwawa wa klabu ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Klabu ilikuwa ya mameneja, wataalamu wa kigeni na wageni wao. Nchi ilikuwa huru tangu zamani. Meneja mkuu alikuwa mtu wetu, mweusi kama mimi, mwenye suti ya mikono mifupi ya rangi ya maziwa, na kila sikukuu alitusomea hotuba ndefu ya usawa wa binadamu huku watoto wa shule tukianguka mmoja mmoja kwa jua. Sisi tuliishi kambini, chini ya kilima, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kama meno.

Mwaka ninaousema mvua zilikataa. Mabomba ya kambini yalikauka, tukawa tunaletewa maji kwa boza mara mbili kwa wiki, na akina mama walipanga ndoo barabarani tangu alfajiri na kutuacha watoto tuzilinde. Sabuni nayo ilikuwa imeadimika nchi nzima. Mama yangu alikuwa na kipande kimoja cha sabuni ya mche, kimefungiwa kabatini pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Asubuhi moja, nikiwa na miaka saba, mama alinituma nimpelekee baba viazi vitamu na chai. Nilipanda kilima peku, vumbi la moto likiniunguza, na nilipofika nikamkuta baba upande wa pili wa bwawa akiokota majani kwa wavu wake mrefu. Nikakaa ukingoni kumsubiri. Maji yalikuwa ya buluu kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, na yalinuka usafi mkali uliowasha pua. Nikatia miguu. Sikuingia, sikurusha maji. Nilitia miguu na kuchezesha vidole. Mwanamke mmoja aliyejilaza kwenye kiti akainua miwani yake ya jua kunitazama, na mimi, mtoto mwenye adabu, nikampungia mkono. Mara baba akatokea nyuma yangu, akaninyanyua kwa makwapa, akanitua mbali na maji na kuniambia nikimbie nyumbani.

Mchana bwawa likafunguliwa, maji yote yakaachiwa mtaroni. Baba alishuka nyumbani mara moja kuchukua brashi yetu ya sakafu, nikamuuliza kuna nini. Alinijibu akiwa amenipa mgongo: "Leo siku ya kuosha bwawa, mama."

Sasa hapa ndipo hadithi inaponoga. Mtaro wa klabu ulipita katikati ya kambi. Tulisikia kwanza sauti, kama mvua inakuja kwa chini, kisha maji yale ya buluu yakapita mlangoni kwetu, mengi, bure, katika mwezi ambao watu walikuwa wakinawa uso kwa kikombe. Akina mama walitoka na ndoo, masufuria, mabeseni, mmoja na karai la bati la kuogeshea mtoto. Na Mama Kidawa, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, akasimama juu ya mtaro na kutangaza: "Jamani, haya ni maji ya dawa! Mmewahi kumwona Mzungu akishuka humo na sabuni? Na mbona anatoka ametakata?"

Watu wakaona ana akili. Sabuni hakuna, maji ya dawa yamejileta yenyewe. Kila nyumba ikaloweka kanga zake, zile nzuri za kutokea, ikaziacha mpaka kesho. Wasichojua ni kwamba maji ya mwisho kabisa, ya kusuuzia, yalikuwa makali kuliko ya siku zote, maana baba, ambaye kwa kawaida alitumia kopo moja la unga wa klorini, siku hiyo aliagizwa asugulie ndoo mbili nzima. Asubuhi kanga zilipotolewa majini, nyekundu ilikuwa ya waridi, nyeusi ya kahawia, na maua yalikuwa yamehama. Doti mpya ya Mama Kidawa, ya harusi ya mdogo wake, ilitoka na doa jeupe la ukubwa wa sinia, barabara mgongoni. Akaivaa. Wote wakazivaa, wangefanyaje? Kambi yetu mwaka mzima ilionekana kama chama kipya cha siasa chenye sare ya waridi.

Na jioni ya siku ile ya kuosha, jua likiwa bado lipo, baba alirudi mikono imechunika kwa dawa, akafungua kabati, akatoa sabuni ya mama. Akanikalisha kwenye kigoda mlangoni na kuniosha miguu. Baba hakuwa ameniosha maishani mwake, hiyo ilikuwa kazi ya mama. Alisugua kidole kimoja kimoja, akaingia katikati ya vidole, akasugua nyayo. Kisha akauinua mguu wangu kwenye mwanga wa mlango, akautazama, akaurudisha kwenye beseni na kuanza tena. Nilijiona malkia. "Kwa hiyo, mabibi na mabwana," humalizia mimi kule Alief, "kambi nzima ilifua, na aliyetakata ni mimi peke yangu!"

Makofi. Pilau linaletwa.

Juni ile Imani alipewa kazi na mwalimu wa masomo ya kiangazi: aende na mzazi kwenye kumbukumbu yoyote ya haki za raia iliyo karibu, kisha aandike ukurasa mmoja. Tukapata moja katika mji mdogo kati ya Dallas na Fort Worth, ambao sitautaja, kwani sioni sababu ya kuutaja huo peke yake. Walikuwa wanazindua jiwe katika bustani ya mji. Nilikwenda kwa shingo upande. Ilikuwa Jumamosi, foronya hazijafuliwa, na kwa maoni yangu ya wakati ule ile ilikuwa historia ya watu wengine.

Nilimwambia hivyo Imani njiani. Naandika haya uso ukiniwaka moto. Barabara imejaa, kiyoyozi kinavuma, na mimi, mwenye shahada mbili, namhutubia mtoto wa miaka kumi: kwamba Wamarekani weusi wameteswa sana na tuwaheshimu, ila sisi tumetoka nchi iliyojitawala, sisi hatuna hiyo mizigo. "Babu yako," nikasema, "hakuwahi hata siku moja kuambiwa apite mlango wa nyuma." Nililisema hilo kwa fahari, nikawasha taa ya kukata kona.

Bustani ilikuwa na majani mazuri ya kijani, turubai jeupe na viti vya kukunja. Wazee walijipepea kwa vipepeo vya karatasi ngumu vyenye tangazo la nyumba ya mazishi. Mkuu wa mji alizungumza sana, akatumia neno "safari" mara nyingi kuliko wakala wa ndege. Baadaye akasimama bibi mmoja mwenye kofia nyeupe pana. Walimwita Miss Verlene. Hakuwa na karatasi. Akatuomba tutazame chini.

"Mmesimama juu yake," akasema. "Bwawa liko hapo, chini ya majani. Hata ngazi zake hawakuzitoa."

Alikuwa na miaka minane. Mpira wa binamu yake uliruka uzio, binamu akaruka kuufuata, akaangukia upande wa kina kifupi, maji ya magotini, akatoka na mpira wake. Kijana hakukaa humo hata dakika moja. Saa nane bwawa likawa tupu. Mwaka uliofuata yakaja malori ya udongo, mji ukaona afadhali watoto wake wote wachomwe na jua kuliko wachangie maji. "Mama yangu alikwenda kuuliza siku ile ile," Miss Verlene akasema. "Wakamwambia linaoshwa." Akagonga kiganja kwa kipepeo chake. "Nina miaka sabini na mbili. Bado linaoshwa."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha Alief. Nilianza kucheka nao, nikaacha katikati.

Imani akanivuta mkono. Mtoto huyu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, lakini hadithi ya kanga ameisikia tangu ananyonya. Akaninong'oneza, "Mama, kama hamkuwa na maji hata ya kunywa, babu aliosha bwawa kwa nini?"

"Sikiliza mzee anaongea."

"Walimwaga kwa sababu yako?"

"Usiseme upuuzi!" Nililitoa kwa sauti, kwa Kiswahili, kwenye kimya cha watu mia. Vipepeo vikasimama.

Hapo ndipo nilipojua. Sikuhitaji kufikiri, kila kitu kilikuwa kimekaa tayari kikinisubiri: ndoo mbili za dawa badala ya kopo, ile miwani iliyoinuliwa, mgongo wa baba. Miaka thelathini na saba nimekuwa na ushahidi wote mkononi, nauchezesha mbele ya watu ili wacheke, na kwa kazi hiyo hiyo ya kusoma ushahidi chuo kikuu kilinipa vyeti viwili. Mtoto aliusoma kwa dakika moja, akiwa na barafu ya machungwa mkononi.

Sherehe ilipokwisha Miss Verlene alipita akisalimia watu. Akanishika mkono, akauliza tumetoka wapi, nikamwambia Tanzania. "Na huko kwenu," akauliza kwa upole, "mlikuwa na mabwawa?"

"Hapana," nikasema.

Imani alinitazama.

Tulikaa ndani ya gari, injini inaunguruma, hatuondoki. Texas ilikuwa saa sita mchana, kwetu saa mbili usiku, baba ametoka kuswali Isha. Nikampigia, sauti ikiwa wazi gari zima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kuna msiba?" Kwetu simu isiyo ya Jumapili ni msiba.

"Hakuna msiba. Baba, ile siku ya kuosha bwawa. Lilioshwa kwa nini?"

Angeweza kusema lilikuwa chafu. Miaka yote ile alikuwa nayo ya kutunga kitu. Akauliza, "Nani kakwambia?"

Kisha akasema yote, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mwanamke wa miwani alimwita meneja. Meneja, yule yule wa hotuba, alishuka na suti yake ya maziwa, hakufoka hata kidogo. Alisema: Salehe, bwawa lioshwe. Baba akasema: bwana, limeoshwa Jumamosi. Meneja akasema: lioshwe, na dawa ya kutosha, na mtoto wako nisimwone tena huku. Baba alilisugua peke yake mpaka alasiri.

"Na maji ya kulijaza?" nikauliza. "Mwaka ule mlitoa wapi maji?"

"Boza," akasema.

"Boza lipi?"

"Boza si lilikuwa moja, mama."

Boza la kambini. Safari zake zote za siku tatu, akanieleza, zilipanda kilimani kwenda kujaza shimo lile, na akina Mama Kidawa walikaa barabarani na ndoo wakisubiri lisilokuja, huku kanga zao zikibabuka kwenye mabeseni. Siku tatu za kiu nilizigeuza kichekesho cha harusini. Nilijisikia kupiga usukani, nikaupiga, honi ikalia, mzee mmoja wa kofia akaruka.

Imani akainama kwenye simu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini alikiokota. "Babu, shikamoo. Wewe ulikasirika?"

Baba akacheka. Nilisikia jino lake moja likipuliza. "Mjukuu wangu, nikueleze kitu. Alfajiri mtu wa kwanza kufika klabu alikuwa nani?"

"Babu?"

"Babu. Wao wamelala. Sasa unajua babu alikuwa anatilia wapi udhu?"

Imani akaziba mdomo. Anasoma madrasa, alijua udhu una nini na nini. "Ndani ya bwawa?"

"Miaka tisa! Nasukutua, napandisha puani, natema. Natia mguu wa kulia, nasugua. Natia wa kushoto, nasugua. Naswali zangu. Saa tatu wanakuja na mataulo yao, wanajitosa."

Mtoto alicheka mpaka akateleza chini ya kiti. Baba naye akawa anacheka kule Korogwe, wawili wale, wakiwa na raha yao kutoka pande mbili za dunia. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia. Mzee wa watu, mgonjwa wa presha, nilimkasirikia kama mtoto. Alikuwa na kisasi chake kila alfajiri kwa miaka tisa, kitamu, akarudi nyumbani akanywa uji. Mimi akaniachia siku ya kuosha bwawa. Mimi akaniacha nikue nikiwa na shukrani.

Nikangoja wamalize. "Baba," nikasema, "na mimi miguu uliniosha kwa nini?"

Kwa mbali nilisikia televisheni, na mama akiuliza ni nani huyo.

"Ile jioni, baba. Sabuni ya mama."

"Mtandao unakata," akasema. Sauti yake ilikuwa safi kama amekaa kiti cha nyuma. "Unakata kabisa. Tutaongea Jumapili." Na simu ikafa.

Jumapili tulizungumza habari za mahindi. Nimeuliza tena mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili mtandao wa Korogwe umekata.

Imani aliandika ukurasa wake, hakunionyesha, akapata alama za juu. Bwawa la hapa Irving bado lipo, mtunzaji bado analitia dawa, na mimi bado nakaa kwenye kiti cha plastiki, ila nywele sizisingizii tena. Desemba ile kulikuwa na harusi Alief. Mama Zuhura akapiga kelele yake, nikasimama, nikaitoa yote kwa mpangilio wake wa kweli: miguu, miwani, suti, boza, na kanga mwisho. Nilipofika mgongo wa Mama Kidawa hakuna aliyecheka. Mama Zuhura aliweka kijiko chini. "Mwenzangu," akasema, "hiyo ya zamani ilikuwa na ubaya gani?"

Nikakaa, nikavuta sahani yangu. Jibu lake ninalo sasa, nawapa ninyi. Namkumbuka baba amepiga magoti mlangoni, mikono imechunika, ameushika mguu wangu kama kikombe. Ananisugua, anauinua kwenye mwanga, anautazama kwa karibu sana, anasugua tena. Nilidhani ananipenda, na sikukosea, alikuwa ananipenda. Lakini anautazama mguu wa mtoto wake, mguu wa miaka saba usio na kitu, na amekunja uso kama mtu aliyepoteza sindano, kwa sababu jioni ile, kwa muda wa beseni moja la maji, baba yangu alikuwa anautafuta ule uchafu waliouona wao.